Madaftari Niliyoyapeleka Motoni

Mdogo wangu Elinihaki,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa huko uliko barua haifiki kwa basi wala kwa posta. Mwaka wa tatu huu tangu gari la shule ulikofundisha likulete nyumbani ndani ya sanduku, figo zimekumaliza kabla ya mvi. Kanisani walikusifu sana. Mimi nilikaa kimya, wakadhani ni uchungu peke yake.

Unakumbuka likizo ile uliyotoka Chuo Kikuu ukaingia jikoni kwangu na vumbi la Same viatuni? Nilikuwa nakoroga makande. Ukaniambia umeshinda miezi kwenye nyaraka za serikali Dar es Salaam, unafunua mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza mpaka unapiga chafya.

"Wapare wamo humo, dada," ukasema, "lakini hawasemi. Wanasemwa."

"Kwa hiyo serikali inakulisha ukasome tulivyosengenywa?"

"Ndiyo hivyo. Sasa nimekuja kuwasikiliza wenyewe."

Kila asubuhi ukapanda kwa babu Mbonea, mtunza mpungi, ule msitu wa ukoo yalikowekwa mafuvu ya wazee wetu. Ni yeye tu aliyebaki akijua majina yao yote kwa mfuatano. Siku za kwanza alikufukuza: "Mtoto wa mzee wa kanisa anataka nini kwangu? Kaulize Biblia yenu!" Ukamrudia na ugoro, ukamrudia tena, hadi akaanza kutaja.

Jioni ulinigeuza darasa lako. "Usikariri, dada. Uliza: nani kasema? Alikuwepo? Kama hakuwepo, aliambiwa na nani?" Nikakwambia mimi nimeishia la nne, unanitesa bure. Ukasema ukiweza kunifundisha mimi mbishi, watoto wa watu hawatakushinda.

Kisha ukaenda mazoezi ya ualimu Tabora, ukaogopa kuyapoteza madaftari kwenye treni. Ukaniachia yote matatu. "Dada, hii ndiyo shahada yangu. Na babu amezeeka." Niliyafunga kwenye kanga, nikayalaza sandukuni.

Haukupita muda, uamsho ukaja usharikani. Mwinjilisti mgeni akataka kila nyumba ilete mambo ya kale yachomwe. Watu wakaleta hirizi, vibuyu, pembe. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alileta kapu zima, akapigiwa vigelegele. Mimi nikapekua nyumba nzima, nikakosa. Marehemu baba alikwisha kuvitupa vyote kabla hatujazaliwa. Elinihaki, niliona aibu kwenda mikono mitupu. Ndipo nikakumbuka kwamba majina ya mafuvu yamo sandukuni mwangu.

Nilisimama mbele ya usharika nikasema Bwana ameniondolea laana ndani ya nyumba. Wakaimba. Nataka na hili ulijue: nilifurahi.

Ulipokuja kuyachukua, babu Mbonea walikuwa wameshamhamishia kijiji kipya huko tambarare, na joto la kule halikumpa hata miezi miwili. Nilikwambia hapo hapo mlangoni, kabla hujakaa. Ukauliza neno moja tu.

"Uliyasoma kwanza?"

"Hapana."

"Daftari la tatu lilikuwa la mama."

Kumbe mwaka mmoja kabla hajafa ulimkalisha, akakueleza kuolewa kwake, miaka ya njaa, na mtoto aliyemzika kabla sijazaliwa. Mimi nilijijua ni kifungua mimba. Nikakuuliza huyo mtoto aliitwa nani. Ukasema hukulishika jina lake, kwa kuwa ulikuwa umeliandika.

Profesa wako ulimwambia madaftari yalilowa mvua. Wewe, wa kuuliza nani kasema, ukasema uongo kwa ajili yangu. Shahada ukaiandika juu ya mashamba ya mkonge, yote kutoka kwenye mafaili. Krismasi ulikuja, ukala, ukataniana na wanangu. Lakini kunikalisha jioni unifundishe, hukufanya tena.

Kwa Mungu nimetubu, naye ni mwenye rehema. Kwako nilisema "bahati mbaya" tu, basi. Na kanisani ushuhuda ule wananisifia mpaka leo.

Juma lililopita mwalimu wa shule yetu ya msingi, uliyemfundisha wewe, alileta wanafunzi wake uani kwangu waulize habari za ukoo. Mke wa balozi alikuwepo, tunachambua maharage. Nikawaambia majina ya wazee yaliandikwa yote, kisha yakachomwa.

"Nani aliyachoma, mama?" akauliza msichana mmoja.

Mke wa balozi akanikazia macho. Nikataja jina langu lote, na la baba, na la mume wangu. Yule msichana akaniomba nirudie polepole, apate kuandika. Nikarudia.

Lala salama mikononi mwa Bwana. Siku tutakapoonana usininyamazie tena kwa huruma. Nigombeze.

Ni mimi, dada yako.