Majigambo Ofisi ya Kodi

Wifi yangu Felisita, mwangaluka.

Huku Bariadi mvua imekatika na pamba imedumaa. Watoto wazima. Mimi nimechoka.

Mdogo wako Ndaki alikwenda ofisi ya kodi kwa ajili ya kikundi chake cha ngoma. Karani, binti mpole, akamuuliza anapata kiasi gani kwa mwaka. Sasa kwenye benchi alikuwa amekaa Mabula, manju anayeongoza ngoma ya wapinzani wake. Basi Ndaki akajigamba kama yuko uwanjani: kila harusi inamwita, anatuzwa ng'ombe mpaka anakosa pa kuwafunga. Binti akaandika, na kodi ikakadiriwa hivyo hivyo.

Binti anasema arudi tu aeleze ukweli, watarekebisha. Hataki. Heri auze ng'ombe wetu wa maziwa alipe kodi hiyo, na tunaye huyo mmoja, kuliko Mabula kusikia kwamba hana kitu. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Njoo, wifi. Nikimsemesha mimi, anaanza kujigamba upya. Wewe ulimbeba mgongoni. Labda mbele yako ataweza kusema hana kitu.

Wifi yako wa hapa nyumbani,
Scola