Kilomita Chache za Vientiane

CHAMA CHA WAPENZI WA RELI, PETERBOROUGH, AUSTRALIA KUSINI

Kikao cha Kamati ya Safari, Jumanne 13 Agosti 2024, saa moja jioni, chumba cha zamani cha abiria, stesheni.

Waliohudhuria: Bw. Lindsay Trengove (Mwenyekiti), Bi. Noeleen Schirmer (Katibu), Bw. Keith Obst, Bi. Avis Polkinghorne.
Hakuhudhuria: Bw. Murray Daw (bado amenuna tangu Juni).

KUMB. NA. 1/8/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dakika arobaini. Alieleza kwamba siku moja treni itatoka Peterborough, ipite chini ya bahari kutoka Darwin, ivuke Java, ifike Lisbon. Ramani aliyoichora mwenyewe ilipitishwa mezani. Bi. Polkinghorne aliuliza chai iko wapi.

KUMB. NA. 2/8/2024: SAFARI YA SINGAPORE HADI LISBON
Ilikumbushwa kwamba safari imeahirishwa miaka mitano kwa ajili ya Kanuni ya Sita: msafiri asipande gari lolote ila treni. Mwenyekiti alieleza kwamba huko Vientiane, mji mkuu wa Laos, stesheni ya treni za Thailand na ile ya treni za China zimeachana kilomita chache, na katikati hakuna treni ya abiria. Alishauri kusubiri reli ijengwe. Bw. Obst aliunga mkono, kama kawaida yake.

Katibu aliuliza mbona Singapore watafika kwa ndege. Mwenyekiti alijibu kwamba ndege haigusi ardhi, hivyo haivunji kanuni.

Bi. Polkinghorne, mwenye miaka themanini na moja, aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo:

“Wewe Lindsay, babu yako na baba yangu walihamisha magunia ya ngano hapo nje, behewa hadi behewa, miaka nenda rudi, kwa kuwa reli za mji huu hazikulingana upana. Hawakukaa kusubiri. Leo wewe unashindwa na teksi?”

“Tutaenda tu, Mama Avis. Vumilia kidogo.”

“Daktari kaniambia macho haya hayafiki Krismasi. Nikivumilia, nitaenda kuangalia nini?”

Mwenyekiti alieleza masikitiko yake, kisha akaitisha kura. Zilifungana mbili kwa mbili. Kwa kura yake ya uamuzi, Mwenyekiti alichagua kusubiri.

KUMB. NA. 3/8/2024: MENGINEYO
Bi. Polkinghorne aliomba udhuru wa vikao vya Septemba na Oktoba, kwa kuwa tiketi ameshakata. Katibu aliomba udhuru huohuo, maana mwenzake atahitaji mtu wa kumsomea vibao vya stesheni.

Mwenyekiti alionya kwamba safari yenye teksi haitaingizwa katika kitabu cha chama.

“Andikeni mnavyotaka, mwanangu,” alisema Bi. Polkinghorne. “Mimi sitaweza kukisoma.”

Kikao kilifungwa saa tatu kasoro dakika tano.

L. Trengove, Mwenyekiti
N. Schirmer, Katibu