Usukani wa shemeji yako

Shoga, nina hasira hizo!

Shemeji yako kafunga usukani wa gemu kwenye meza yangu ya kulia, kauchomeka kwenye kompyuta yetu inayotumia Linux, si Windows, kisha akamwambia wifi yangu: "Tupa hiyo padi ya kuchezea gemu, ni ya watoto."

Tupa! Dada yake wa tumbo moja!

Gari la kwenye gemu likakata kona vizuri, bwana akatamba: "Umeona? Mimi ndiye ninayefundisha watu udereva!"

Wifi kaficha mikono chini ya mto wa kiti.

Halafu akaitoa padi, akaiweka mezani. Gari likavaa ukuta, bwana bado anazungusha usukani!

Linux haikuutambua usukani hata kidogo. Muda wote aliyeendesha ni wifi.

Sasa bwana kanuna, eti tumemharibia usukani.

Mwanao ana somo la udereva naye kesho, si ndiyo? Mwambie aumwe.