Rangi Niliyomwambia Apolinaria

Alhamisi, 10 Julai 2025

Jicho la pili nalo limefunguka! Advera kapiga simu kutoka Mwanza saa nne asubuhi. Binti yangu huyu hana subira, hata shikamoo hakuimaliza. Baba, mama anaona! Kasoma bango la soda ng'ambo ya barabara, herufi zote. Kamwambia daktari viatu vyake havijapigwa brashi!

Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Miaka sita mke wangu Apolinaria anaona ukungu na vivuli. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Leo anagombeza viatu vya madaktari. Mungu mkubwa.

Halafu akapewa simu mwenyewe. Baba Advera, anasema, Jumamosi ya wiki ijayo niko nyumbani. Nina hamu na nyumba yangu. Nina hamu na ile rangi yangu.

Ile rangi yangu.

Nikasema ipo, mama, inakusubiri. Mdomo huu!

Hakuna rangi. Haijawahi kuwepo.

Daftari hili ni la mjukuu. Kaandika kurasa mbili za sayansi akalitupa. Mimi niliishia darasa la tano lakini mkono unaandika. Jioni nimezoea kumsimulia Apolinaria. Hayupo, basi nalisimulia daftari.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike ukweli, maana hakuna wa kusoma.

Nyumba hii alijenga baba. Matofali aliyachoma mwenyewe, tanuru lilikuwa pale palipo na choo sasa. Mlango, madirisha na nguzo nne za baraza ni mninga. Matofali yako vilevile, mekundu, mazuri. Mbao ndizo zimezeeka. Zimekuwa za kijivu, zimepasuka kama visigino vyangu.

Mwaka 2019 Apolinaria akaniambia: Paka mbao zile rangi kabla sijaacha kuona kabisa. Sawa! Nikapata kopo la rangi ya jivu kwa rafiki yangu wa reli. Nikasema nijaribu brashi kwanza. Nikapaka baiskeli. Ikapendeza! Nikapaka kigoda. Nikapaka banda la njiwa. Kuinamia kopo — tupu.

Yeye yuko barazani, anauliza: Umemaliza? Nimemaliza. Imependeza? Mno! Rangi gani?

Hapo nikataja rangi. Siyo jivu, jivu ni rangi ya mabehewa. Nilitaja rangi nzuri sana, mpaka mimi mwenyewe niliiona kwenye mbao. Tulikuwa tumetoka kwenye sherehe ya ubarikio kwa jirani, nimekunywa kidogo.

Ipi? Siikumbuki!

Ili aamini, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikausugua mlango unuke upya. Akanusa. Akatabasamu. Tangu hapo kila Krismasi nasugua tena. Na mlango ule anaushika kila siku, hajawahi kusema neno. Nilijiona fundi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefanya upelelezi. Kama sikumbuki mimi, majirani watakumbuka. Apolinaria anaisifia nyumba yake kwa kila mtu.

Kwanza kwa Getruda, huyu jirani wa upande wa kisima, Mmoraviani, sauti kama filimbi. Nikazungukazunguka: Hivi mwenzangu huwa anaitajataja rangi ya nyumba? Getruda akacheka hadi akaweka ungo chini. Bluu! Bluu ya sare ya kwaya yetu. Miaka yote hii namwitikia tu, ndiyo dada, bluu imetakata. Mzee Dionis, wewe moto utakuhusu!

Vizuri. Bluu.

Nikapita dukani kwa Muhanna, kijana wa Kiarabu anayeuza vifaa vya ujenzi, nikachukue bluu. Mama yake, Bi Sheima, amekaa kwenye kiti chake kama kawaida. Bluu ya nini, mzee? Apolinaria aliniambia mwenyewe siku ya Idi: kijani. Kijani kibichi, wallahi.

Nikaacha bluu.

Njiani nikakutana na Mathias, katekista. Marahaba, marahaba, mama alikwambia nyumba yetu ni rangi gani? Akasema, bila hata kufikiri: Damu ya mzee.

Damu ya mzee! Mzee ni nani hapa kama si mimi?

Rangi tatu. Mdomo wangu nilikuwa nimeupeleka wapi siku hizo? Labda nilikuwa namtajia nyingine kila mwaka.

Jumapili, 13 Julai

Misani sikusikia kitu. Nilikuwa nahesabu madirisha ya kanisa. Krimu na kahawia. Wakatoliki hatuna uchangamfu.

Niseme kinachonikaba. Siyo rangi.

Kila jioni, miaka sita, tunakaa kwenye benchi la barazani. Anasema: Haya, nisimulie. Nami namsimulia. Nani kapita, kavaa nini. Mawingu yamekaaje upande wa Igalula. Mwezi umefikia wapi. Na anapopitisha kiganja usoni anauliza: Na mimi? Namwambia uko vilevile. Hujabadilika hata kidogo.

Mengine nilitia chumvi. Siku moja nilimwambia Getruda katumbukia mtaroni na kapu la nyanya. Getruda alikuwa Nzega! Lakini mengi ni kweli. Mengi kabisa.

Akiona mbao zile, atajua rangi ilikuwa uongo. Na rangi ikiwa uongo, mwezi je? Na uso wake je? Atafumua miaka sita yote kama sweta.

Sitaki afumue. Hilo tu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwita Omari. Fundi rangi, Mzaramo wa kuja, yuko Tabora tangu reli ilipomleta baba yake. Mtani wangu. Sisi Wanyamwezi na wao tulianza kutukanana tangu misafara ya pembe, na hakuna aliyechoka.

Hakubisha hodi. Wee mpagazi! Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, wewe unashindwa kubeba brashi kutoka kopo mpaka dirishani?

Nikamwambia, na nyinyi wala nazi mliwauzia maji njiani. Maji! Ya mto!

Nikamweleza kisa chote. Alicheka akakumbatia nguzo. Kisha akamkamata jogoo wangu mwekundu, akamfunga miguu. Ndiyo haki yake ya mtani, sina pa kumshitaki. Jogoo mwenyewe alikuwa anawika saa nane usiku, aende.

Baada ya hapo akawa fundi. Kapitisha mkono ukutani. Tofali usiliguse, kasema. Baba yako kalivalisha moto, wewe ulivalishe plastiki? Ukilifunika, maji ya mvua yataingia yakose pa kutokea, mwaka kesho litamenyeka kama ndizi. Lisugue kwa brashi ngumu na maji, liache lipumue. Rangi ni ya mbao. Rangi ya mafuta, mikono miwili, yaani upake mara mbili, baada ya msasa.

Rangi gani?

Bluu itagombana na tofali jekundu kama wake wenza. Damu ya mzee, wekundu mzito ule, itazama, mtu akiwa barabarani hajui dirisha liko wapi. Kijani kitakaa kwa adabu.

Wewe unaulizwa adabu? Unaulizwa mke wangu aliambiwa nini!

Basi tujaribu zote, kasema. Dirisha moja, rangi moja. Moyo wako utakumbuka.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbili za msasa. Pua yangu imejaa vumbi la mninga, na lina harufu tamu, sikutegemea. Chini ya ule ukijivu mbao bado ni nyekundu, hai! Nimempigia Advera kumwambia, nikakumbuka ni siri, nikamuuliza bei ya samaki.

Leo tumepaka. Dirisha la kushoto bluu. La kati kijani. La kulia damu ya mzee. Mlango hatujaugusa.

Wee! Nyumba imekuwa kama bendera ya nchi isiyojulikana.

Mtaa mzima ulisimama. Getruda kaleta wanakwaya wawili wapige kura, wote bluu, bila aibu. Muhanna kafunga duka kabla ya adhuhuri kaja na kadi ya rangi, vijipande mia, kila kimoja na jina lake. Mama kasema kijani, na mimi nakaa nyumba moja na mama, kasema Muhanna, kwa hiyo kijani. Mathias kaja na baiskeli, kaangalia dirisha la kulia, kasema inakumbusha Kwaresima.

Mimi nilikaa kwenye benchi ng'ambo ya njia nikiangalia. Nikafumba jicho moja. Nikafumba jingine. Moyo haukukumbuka kitu. Ulikuwa unacheka tu.

Nimefurahi, niseme ukweli. Miaka mingi watu hawajasimama kuiangalia nyumba ya baba.

Alhamisi, 17 Julai

Apolinaria kapiga simu. Wako Lusu kwa dada yake, wanapumzika. Kauliza: Rangi yangu haijapauka? Nikasema haijapauka. Halafu nikasikia kicheko, kirefu, mpaka kikohozi. Nikauliza kuna nini. Eti dada yake kafunga kilemba vibaya.

Nimepata akili! Kubwa!

Mtani hasadikiwi. Mtani akisema wewe mwizi, watu wanacheka. Akija msibani akasema marehemu alikuwa mlafi, watu wanacheka. Basi Omari asimame getini Jumamosi amwambie Apolinaria ukweli wote, kwa sauti, kiutani. Yeye atacheka. Nami nitakuwa nimekiri! Akija kugundua baadaye, nitasema, mbona uliambiwa siku ya kwanza?

Omari kasema hii akili ni ya shetani, na kwamba inahitaji jogoo wa pili. Nikamwambia kuna kuku mtetea mbishi, amchukue.

Kasema pia: Na kioo?

Kioo gani?

Cha chumbani, mpagazi wewe. Uliyemwambia hajabadilika ana miaka sabini na moja.

Nimekishusha, nimekifunika uso kwa kanga. Nimekizika ndani ya gunia la karanga.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika barazani, vidole vina rangi, ukurasa umechafuka.

Wamekuja leo! Walipata lifti, hawakusubiri Jumamosi. Saa tisa hivi bajaji ikasimama getini. Mimi niko juu ya ngazi nafanya mkono wa pili wa kijani, suruali imekunjwa. Omari yuko chini anatafuna karanga zangu.

Apolinaria akashuka, miwani myeusi, kajinyoosha kama msichana. Advera nyuma na mizigo.

Omari hakupoteza muda. Mke wangu, karibu! Huyu mpagazi wako mwongo! Miaka sita hajapaka hata kijiti, rangi zote hizi ni za juzi, mbichi, ukigusa unachafuka!

Nikacheka kwa nguvu, kama tulivyopanga. Nikacheka peke yangu.

Apolinaria akavua miwani. Akatembea polepole mpaka dirisha la kushoto. Hii bluu ni ya Getruda, kasema. Akaenda la kati. Hii ya Sheima. Akaenda la kulia. Na hii nilimpa Mathias, alikuwa ananichosha na maswali.

Ngazi ilitikisika. Au ni mimi.

Kila mmoja nilimpa yake, kasema. Nilitaka nione utafanyaje siku ukiwauliza. Ile yangu sikumpa mtu.

Akaenda mlangoni. Akaweka kiganja kwenye ule ubao uliopasuka, akanusa vidole.

Baba Advera, kasema, mafuta ya taa hukusahau hata Krismasi moja. Lakini uliniambia rangi ya asali. Ile ya nyuki wadogo, ukiinua chupa juani.

Asali! Ndiyo! Asali! Nimeshuka ngazi nusu kwa miguu nusu kwa makalio. Asali kwenye mninga, kando ya tofali jekundu — hata Omari kaacha kutafuna. Kasema, mpagazi, siku ile ulikuwa fundi kuliko mimi. Kachukua baiskeli yangu bila kuomba, kakimbilia kwa Muhanna aangalie kama kwenye zile rangi mia kuna asali. Mtetea kamwacha.

Nikamuuliza Apolinaria: Ulijua tangu lini?

Tangu siku ile ile. Mimi kipofu wa macho, si wa vidole.

Na mbona kila jioni uliniambia nikusimulie?

Kaangalia paa, kaangalia nguzo, kaangalia matofali moja moja, kama anayahesabu. Kisha kauliza, taratibu tu: Kioo cha chumbani umekipeleka wapi?

Kaingia ndani. Advera kanitazama, kaenda kuteka maji yasiyohitajika.

Nimesikia gunia linavutwa. Karanga zimemwagika sakafuni, nyingi. Hapo ndipo nilipolichukua daftari, mikono ipate kazi.

Anatoka.

Kioo kimefunikwa na kanga. Hajakifunua, karanga bado zimenasa kwenye fremu. Kakaa kwenye benchi upande wake ule ule, kakilaza magotini, uso chini. Jua liko usoni kwake lote.

Haya, kasema. Nisimulie kwanza. Halafu nitaangalia.

Anangoja niweke kalamu. Nitaanzia kwenye paji.