Vyombo vya Dirishani kwa Dagny

Næstved, 6 Aprili 1998

Mpendwa Asta,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua kila nikipanda ngazi. Wewe, mumeo Palle na watoto hamjambo huko Aarhus?

Mwezi wa sita nahamia nyumba ya wazee: chumba kimoja, dirisha moja. Vyombo vyangu vya kioo havitaenea. Binamu yako Preben ameshaniuliza mnada utakuwa lini, udenda unamtoka. Mimi sitaki viuzwe. Njoo ubandike kijikaratasi chenye jina lako chini ya kila unachokitaka, kama tulivyofanya kwa bibi yako. Sharti ni moja: visitiwe maji. Unajua maji yetu yalivyo na chokaa. Yakikaa humo yanaacha utando mweupe, usugue usichoke, hautoki.

Mama mkubwa

Aarhus, 2 Mei

Shikamoo Mama mkubwa,

Pole na goti. Sisi wazima, ila Palle ana mafua na anaugulia kama mtu wa kwanza duniani kupiga chafya.

Jumapili ile nilipokuja, ulipokwenda kuchemsha kahawa nilibaki peke yangu na vile vyombo. Jua lilipita kwenye kile cha buluu chenye shingo nyembamba, meza yote ikawa buluu, hata kipande changu cha keki. Na lile bakuli la rangi ya moshi, mdomo umepinda kidogo, utadhani fundi alilipuliza kisha akaliacha liamue lenyewe. Nilivipenda mpaka machozi yakanilengalenga.

Lakini ukivigeuza hutaona jina langu. Kwangu kuna watoto watatu, na hakuna kitu cha kutazamwa tu. Nitavitia maua, na maua yanataka maji. Siwezi kukudanganya.

Mwanao Asta

Næstved, 9 Mei

Asta,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Basi mwambie Preben ana bahati.

Dagny

Næstved, 21 Juni

Asta mwanangu,

Hujambo? Palle amepona, au bado anawaaga?

Nisamehe kwa barua ile. Preben alikuja. Hakutazama hata kimoja, alikuwa anavipindua kutafuta saini ya fundi tu. Nikamwambia, “Preben, hiki ni cha rangi gani?” Akasema, “Subiri kwanza, shangazi.” Nilimfungulia mlango aende zake.

Kisha nikakata mawaridi bustanini nikayatia kwenye kile cha buluu, na maji. Asta, vikonyo vilionekana kama vimevunjika ndani ya kioo, na buluu ikakolea pale maji yalipofika. Nimeishi nacho miaka yote hii nisijue kina uzuri huo. Nimeona uchungu, na nimefurahi.

Chokaa imeshashika. Hicho nitahama nacho. Vingine vyote nimevibandika mwenyewe jina lako, kwa gundi ya kumvunja Preben kucha. Njoo na watoto. Watavibeba wao mpaka garini, na kikivunjika kimoja, asigombezwe mtu.

Mama mkubwa