Kanda Tatu na Sala ya Baba

Bagara, Babati
3 Machi 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo huko Kainam, na kwamba mgongo umekuachia. Mimi mzima, nashona, ingawa uzi ni wa kutafuta kwa tochi na sabuni tunaisikia kwa jina tu.

Uliuliza mchumba wangu Kasimiri anafanya kazi gani. Ni fundi redio. Madereva wa malori yanayokwenda Zambia humwachia kanda za muziki, nasi tunazisikiliza. Betri tunazianika juani zipate nguvu, na kanda tunairudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu. Kwa hiyo nikisifu muziki, ujue nimeuhangaikia.

Kanda ya kwanza ni ya roki. Upande wa kwanza gitaa linakusimamisha ulipokaa. Upande wa pili jamaa anamlilia msichana nyimbo tano mfululizo, mpaka unatamani huyo dada amrudie ili sote tupumzike. Ya pili wanaiita metali. Mwimbaji anafoka kama mtu aliyeibiwa ng'ombe wote. Majirani wanafunga madirisha. Mimi naipenda, maana mwaka huu wa foleni kila mtu amekasirika na hakuna anayesema.

Ya tatu ni hip hop, na hii ndiyo iliyoniamsha. Mtu haimbi, anasema tu, kwa pumzi moja, na wenzake wanaitikia. Baba, nilikuona wewe! Ni kama unavyosimama mbele ya watu kusema slufay, ukiombea ardhi na mvua, nao wanakuitikia kila mstari. Nilimwambia Kasimiri, huyu na baba yangu wangeelewana.

Binti yako,
Xaveria


Kainam
24 Machi 1985

Binti yangu Xaveria,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo uko palepale. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Miaka ishirini nafundisha katekisimu, na bado wazee wananiita kusema slufay kwa sababu naijua kama alivyoijua babu yako. Ni sala. Watu hunyamaza wakavua kofia. Wewe unaiweka sahani moja na kelele za watu wanaolipwa kupayuka! Umeniaibisha, na mbaya zaidi unaniandikia kama vile umenisifu.

Nasema mara moja. Kanda hizo zichomwe kabla ya harusi yenu ya tarehe 6 Julai. Zisipochomwa siji, wala sitasema slufay juu ya nyumba yako. Unajua binti aliyeingia kwa mume bila maneno ya baba yake anavyotazamwa.

Baba yako,
Pantaleo


Bagara, Babati
10 Aprili 1985

Baba,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia barabara ya huko imekatika. Mimi mzima wa mwili.

Sichomi.

Nimeisikiliza tena ile ya tatu, nisije nikakuonea. Ina kasoro. Jamaa anajisifu kupita kiasi, viatu vyake, sauti yake, mtaa wake. Wewe hujisifu, unaombea watu, na hapo umemshinda mbali. Lakini pumzi ni ileile, na pale anapokata neno ili watu waitikie, ni palepale unapokata wewe. Ulinifundisha kusema ninachokiona hata mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Sasa nimekisema mbele yako, na wewe unataka nidanganye?

Usidhani sijali. Nashona gauni langu nikilia. Naogopa kuingia nyumba ile bila maneno yako, naogopa kweli. Lakini nikichoma kitu ninachokiona kizuri ili nipate baraka, nitakuwa nimekudanganya wewe na Mungu pamoja. Uje au usije, kanda zipo.

Binti yako,
Xaveria


Bonga, Babati
15 Julai 1985

Baba,

Shikamoo. Miezi mitatu hukujibu. Mama alifika salama, na najua amesharudi huko na habari, lakini nataka uisikie kwangu.

Baada ya kanisa tulikuja hapa Bonga kwa kina Kasimiri. Baba yake mdogo, Mzee Aniceti, alisema slufay ya upande wao, vizuri tu, ila anameza maneno ya mwisho. Kisha watu wakageukia upande wetu. Hapakuwa na wa kuisema. Walisubiri. Mwanamke mmoja akaanza kukohoa kwa aibu.

Nikasimama mimi. Najua hujawahi kuona mwanamke akifanya hivyo, na wao hawajawahi. Nilianza kwa Kiiraqw. Mistari miwili ya kwanza hakuna aliyeitikia. Mstari wa tatu akaitikia Mama, peke yake, kwa sauti. Wa nne wakaitikia wote. Niliombea ardhi, mvua, watoto. Niliombea chumvi, sabuni na betri, na hapo wakaitikia kuliko mahali pote.

Sikuombi msamaha. Nilikuhitaji, hukuja, nikafanya.

Binti yako,
Xaveria


Kainam
2 Agosti 1985

Xaveria,

Marahaba. Hatujambo. Maharage tumevuna kidogo.

Mama yako ameirudia slufay yako yote jikoni, na mimi nikamwambia airudie tena. Nakuambia ninachokiona, kama unavyopenda kuambiwa. Ulianza kwa kasi mno. Ardhi uliiombea sawasawa, sina neno. Mvua uliitaja mara moja ukaiacha, na mvua haiachwi hivyo. Sabuni haimo kwenye slufay, ingawa mwaka huu siwezi kukulaumu. Ng'ombe hukuwataja kabisa! Nyumba gani ya Mwiraqw haiombewi ng'ombe? Umeacha sala nusu juu ya nyumba yako mwenyewe.

Kuhusu kanda sijabadili mawazo, na sitaki kuzisikia.

Jumamosi tarehe 17 nitashuka na basi. Waambie wakwe zako wakusanyike kama siku ile, nitasema iliyobaki. Simama karibu yangu. Mwaka huu pumzi imepungua, na kuna mahali pawili najikwaa. Nikikwama, endelea wewe.

Baba yako,
Pantaleo