Balbu Mbili Kando ya Bakuli la Sukari

Baba watoto,

Balbu za taa za mbele za gari ziko hapa, kando ya bakuli la sukari. Badilisha zote mbili, maana ile inayowaka nayo imezeeka. Zima taa kwanza, uziache zipoe. Usishike kioo cha balbu mpya kwa vidole, mafuta ya mkono yataiunguza. Tumia kitambaa safi (si taulo langu!).

Nisamehe ya asubuhi. Umerudi kutoka kumpeleka binti yetu shule, unasema dereva wa lori kaona taa moja kwenye ukungu, kadhani ni pikipiki, kawajia upande wenu. Nami nikakupokea kwa makelele. ~~Lakini wiki mbili nzima nakwambia~~ Basi, yaishe. Niliogopa.

Chai iko kwenye chupa. Kunywa kwanza, ndipo ushike hizo balbu.

Ulipokuwa umelala, binti yako kapiga simu kutoka shuleni. Anasema uliliingiza gari kwenye nyasi kwa mkono mmoja, wa pili umemkinga kifuani. Kaniuliza, "Mama, umemwambia baba asante?"

Sikuwa nimekwambia. Asante, mume wangu.

Mama watoto